Kompyuta ya Michezo kwa Nyumba ya Lubumbashi

Kompyuta ya michezo hutofautiana na kompyuta ya ofisini kwa kifaa kimoja kuliko vingine vyote: kadi ya grafiki, yaani kadi inayochora picha za skrini makumi ya mara kila sekunde. Prosesa huendesha mchezo, RAM hushikilia vinavyotumika wakati huo, diski ya SSD hufungua mchezo upesi, lakini picha yenyewe, kivuli cha mti, moshi wa gari, jezi ya mchezaji anayekimbia pembeni mwa uwanja, vyote hutoka kwenye kadi hiyo. Ndiyo maana bei ya mashine nzima hufuata bei ya kadi, na ndiyo maana mnunuzi mwenye busara huuliza habari za kadi kabla ya kutazama taa za rangi zinazowaka ndani ya kasha.

Anayetafuta mashine ya namna hii mjini Lubumbashi ana njia tano hivi. Anaweza kununua kompyuta ya mezani iliyoundwa tayari kiwandani, ya kuchomeka na kuwasha. Anaweza kununua vipande kimoja kimoja na kumpa fundi aviunganishe. Anaweza kuchukua kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini Ulaya au Dubai akaiongezea kadi ya grafiki. Anaweza kununua laptopu ya michezo. Au anaweza kuachana na kompyuta kabisa akachukua PlayStation au Xbox. Brussels au Chicago, uamuzi huu ni hesabu ya bei na kasi. Lubumbashi kuna mambo matatu yanayotangulia kasi: umeme, safari ambayo sanduku limesafiri, na fundi atakayeifungua mashine siku ikikataa kuwaka.

Ukubwa wa mashine huamuliwa na mchezo na skrini. Anayecheza EA Sports FC, eFootball, Counter-Strike 2 au GTA V kwenye skrini ya kawaida ya nukta 1920 kwa 1080 hahitaji mashine kubwa. Kadi kama RX 6600 ya AMD, iliyotoka mwaka 2021, au RTX 3060 na RTX 4060 za Nvidia, zinamtosha na kubaki. Skrini ya 4K ina nukta mara nne zaidi, na kadi hulazimika kuchora zote. Vilevile skrini ya 60 Hz huonyesha picha 60 kwa sekunde, hata kadi iliyo nyuma yake ikichora 200. Wapo wanaolipa mamia ya dola kwa kadi kubwa kisha wakaichomeka kwenye skrini ya zamani, na fedha hizo hupotea bila jicho kuziona.

Kompyuta za michezo zilizoundwa tayari hazikuanza leo. Alienware ilianzishwa Miami mwaka 1996, na Dell ikainunua mwaka 2006. Mwaka huohuo Asus ilizindua jina la ROG. Leo zipo pia Omen ya HP, Legion ya Lenovo, Predator na Nitro za Acer, na nyingine zisizo na jina kubwa zinazofungwa Dubai au Guangzhou. Kwa miaka mingi wajuzi walizikwepa kwa sababu mnunuzi alilipia jina, na mtu mwenye bisibisi na subira aliweza kuunda mashine ileile kwa fedha kidogo.

Kati ya mwaka 2020 na 2022 hesabu hiyo iligeuka. Janga la UVIKO-19 lilivuruga viwanda na usafirishaji, na wachimbaji wa sarafu za kidijitali wakanunua kadi za grafiki kwa wingi ili kuchimba Ethereum. Kadi iliyouzwa peke yake ikawa adimu au ya bei ya kuumiza, huku makampuni makubwa yakiendelea kuzipata kwa mikataba yao, hata watu wakawa wananunua kompyuta nzima ili wapate kadi iliyo ndani. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadili mfumo wake, uchimbaji kwa kadi ukakoma, na kadi zilizochoshwa zikamwagika kwenye masoko ya mtumba duniani. Mwishoni mwa mwaka 2025 mambo yaligeuka tena: vituo vya akili mnemba vilianza kumeza kumbukumbu kwa pupa, bei ya RAM ikapaa, na mwezi Desemba kampuni ya Micron ikatangaza kwamba inaacha kuwauzia watu wa kawaida bidhaa zake za Crucial. Kampuni iliyojaza ghala lake mapema inaweza, kwa kipindi fulani, kuuza kompyuta nzima kwa bei ambayo mnunuzi wa vipande haifikii. Kwa hiyo anayesema kwamba vipande ni rahisi siku zote, au kwamba cha kiwandani ni ghali siku zote, anatumia hesabu ya mwaka uliopita.

Faida ya kweli ya mashine ya kiwandani ni kwamba imekwisha kuwashwa na kujaribiwa, vipande vyake vinakubaliana, na Windows imo kihalali. Kwa mtu asiye na fundi wa kumwamini, hilo si jambo dogo. Kasoro zake hazionekani kwenye tangazo. Tangazo huandika Core i7, RAM GB 16, RTX, kisha bei. Core i7 ya mwaka 2013 na Core i7 ya mwaka 2024 zina jina moja la ukoo na nguvu zisizolingana kabisa. Tarakimu zinazofuata jina, 4770 au 14700, ndizo zinazosema umri. RTX nayo ni ukoo, wala si kadi moja. RTX 3050 ilitoka mwaka 2022 ikiwa na kumbukumbu ya GB 8. Mwaka 2024 ikatoka nyingine yenye GB 6 na nguvu pungufu, jina likabaki lilelile. Na GB 16 za RAM zikiwekwa katika kijiti kimoja badala ya viwili vya GB 8, njia ya kupitisha data hubaki nusu, na baadhi ya michezo huanza kukwamakwama hata kama kadi ni nzuri.

Mengine huonekana ubavu wa kasha ukifunguliwa, na muuzaji anayekataa kuufungua amekwisha kujieleza. Cha kutazamwa kwanza ni pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani. Mwaka 1995 Intel iliweka kipimo cha ATX, kinachotaja umbo la ubao mama, matundu ya skrubu na aina ya plagi. Mashine inayofuata kipimo hicho ina plagi pana ya pini 24 inayoingia kwenye ubao mama, na pawa saplai yake ikiungua inaweza kubadilishwa na nyingine yoyote ya ATX. Lakini kompyuta nyingi za Dell na HP, zikiwemo baadhi ya zile za michezo, hutumia pawa saplai za umbo lao wenyewe na plagi za pini 6 au 8. Houston au Dubai, kipande hicho huagizwa kikafika baada ya siku chache. Lubumbashi, mwenye mashine atazunguka kutoka barabara ya Lumumba hadi soko la Mzee Kabila bila kukipata, kisha kompyuta ya dola mia nyingi italala kwa sababu ya kisanduku cha dola hamsini. Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya mashine za kiwandani, na panastahili uzito kuliko tofauti ya picha 10 kwa sekunde.

Safari ya sanduku nayo ina gharama yake. Mizigo ya Dubai, Guangzhou na Johannesburg hushuka kwa ndege uwanja wa Luano, au hupita bandari za Dar es Salaam na Durban, ikavuka Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka mjini. Mawakala wa ndege hutoza kwa kilo. Laptopu ya michezo ina kilo mbili na nusu; kompyuta ya mezani ndani ya sanduku lake hufika kilo 12 au 15. Kisha kuna forodha ya DGDA na TVA ya asilimia 16. Anayelinganisha bei ya Dubai na bei ya duka la mjini bila kuingiza kilo, forodha na kodi hulinganisha vitu visivyolingana, na mara nyingi humwita mfanyabiashara mwizi bila haki.

Barabara yenyewe huumiza mashine. Kadi kubwa ya grafiki ina uzito wa kilo moja na zaidi, nayo hushikwa na skrubu mbili za nyuma na mdomo mwembamba wa plastiki kwenye ubao mama. Sanduku likirushwarushwa safari nzima, mdomo huo hupasuka au kadi hulegea. Viwanda vyenye uangalifu hujaza povu gumu ndani ya kasha ili kuishika. Povu hilo sharti litolewe kabla ya kuwasha. Likiachwa huziba feni, na joto hupanda kwa dakika chache. Kwa mashine inayokuja kwa lori, njia salama zaidi ni kadi kusafiri katika boksi lake peke yake, kisha ichomekwe mjini.

Kuhusu waranti, kinachohesabika ni nchi inapotekelezwa. Kompyuta iliyouzwa kwa waranti ya Falme za Kiarabu itatengenezwa Falme za Kiarabu, na nauli ya kuipeleka huko humla mnunuzi. Waranti ya mwaka mmoja ya kiwanda kilicho mbali mara nyingi ina thamani ndogo kuliko miezi mitatu ya duka la mjini, ikiwa hiyo miezi mitatu imeandikwa kwenye faktura pamoja na namba ya mashine.

Umeme ndio unaotenganisha njia hizi zaidi ya yote. Jimbo la Haut-Katanga hulishwa na mabwawa ya Mwadingusha, lililoanza kazi mwaka 1930, na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, pamoja na waya mrefu wa kilomita 1,700 hivi unaotoka Inga hadi Kolwezi, uliojengwa ili kulisha migodi. Migodi huchukua sehemu kubwa ya umeme huo, na wakazi wa komuni za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba wamezoea delestaji, mgao unaokata umeme kwa saa nyingi, na pengine volti zinazoshuka jioni kila jiko likiwashwa. Kukatika kwenyewe huharibu kazi na faili. Kinachochoma vifaa zaidi ni kurudi kwa umeme, kwani hurudi kwa kishindo, volti zikipanda na kushuka kabla ya kutulia.

Pawa saplai nzuri hupokea chochote kati ya volti 100 na 240, ikavumilia jioni yenye umeme dhaifu. Ile ya bei ya chini, hasa katika mashine zilizotoka Marekani, huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 ikachomekwa kwenye umeme wa shirika la SNEL wa volti 220, mlio mmoja na harufu ya kuungua humaliza habari. Swichi hiyo hutazamwa kabla ya waya kuchomekwa.

Halafu kuna onduleri, kifaa chenye betri kinachoshikilia mashine umeme unapokatika. Onduleri ndogo inayouzwa sana, yenye VA 650, haibebi wati 650. Kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390. Kompyuta ya mezani yenye RTX 3060 katika mchezo mzito hula wati 300 hadi 350, na skrini hula 30 hivi. Umeme ukikatika wakati huo, onduleri ya VA 650 inaweza kuzima papo hapo kwa kuzidiwa, na mwenye mashine akadhani ameuziwa bovu. Mashine hiyo yahitaji VA 1,000 au 1,500, tena ile inayosawazisha volti yenyewe, na gharama hiyo huhesabiwa pamoja na kompyuta, wala haiachwi kwa mwezi ujao.

Kwa nyumba yenye paneli za jua, hesabu huwa wazi zaidi. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280. Kiasi cha asilimia 15 kikipotea katika inveta, hubaki 1,090 hivi. Mashine iliyotajwa hapo juu, pamoja na skrini yake, huimaliza kwa saa 3. Laptopu ya michezo inayokula wati 130 hadi 150 huenda nayo saa 7 au 8. Ndani ya kompyuta za mezani zenyewe kadi hazilingani ulaji: RTX 3060 imepangiwa wati 170, RTX 5060 wati 145, RX 6600 wati 132, RTX 4060 wati 115, na ile kubwa kuliko zote, RTX 5090, wati 575, ambayo peke yake ingeimaliza betri hiyo kwa muda usiofika saa 2. Kwa Lubumbashi, wati za kadi zinastahili kusomwa kabla ya kasi yake. RTX 4060, ambayo wakaguzi wengi waliilaumu ilipotoka mwaka 2023 kwa kuizidi kidogo tu ile iliyoitangulia, ni kadi nzuri sana kwa nyumba inayoishi na delestaji.

Njia ya vipande, ikifanywa vizuri, huijibu shida ya matengenezo: kila kitu ni cha kipimo cha ATX, kila kitu hubadilishwa peke yake, na fundi aliyeiunganisha yupo mjini. Fedha huwekwa panapohusika, katika kadi na pawa saplai yenye alama ya 80 Plus, badala ya kasha la kioo. Ugumu ni kupata vipande halisi. Kadi nyingi zinazofika kutoka Guangzhou ni za mtumba zilizosafishwa, baadhi zikiwa zilichimba sarafu usiku na mchana. Kadi iitwayo RX 580 2048SP, kwa undani wake ni RX 570. Wapo pia matapeli wanaoandika upya programu ya ndani ya kadi ya zamani ili ijitambulishe kama mpya. GTX 550 Ti ya mwaka 2011 imewahi kuuzwa kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z, tangu mwaka 2018, hutambua nyingi za kadi hizo na kuandika wazi kwamba ni bandia. Inaingia kwenye flashi, na mnunuzi anaweza kwenda nayo dukani.

Zipo pia seti za China zenye ubao mama mpya na prosesa ya Xeon iliyotolewa kwenye seva za zamani, za mwaka 2014 au 2016. Bei yake huvutia, na kwa kazi za video zinajitahidi. Kwa michezo, ambayo hupenda prosesa yenye kasi kwa kila kiini kuliko viini vingi, hupitwa na Core i3 au Ryzen 5 ya miaka ya karibuni, na seti hizo hula umeme zaidi.

Kwa mfuko mdogo, njia ya mtumba wa ofisini imewasaidia vijana wengi. Kompyuta kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk hupatikana kirahisi, ni imara, na vumbi haliziui upesi. Pawa saplai yake ni ndogo. OptiPlex 7010 nyembamba ya mwaka 2012 ina wati 240 tu, wala haina waya wa kulisha kadi. Kadi inayofaa ni ile isiyohitaji waya wake, kama GTX 1650 fupi ya wati 75, inayokula kutoka kwenye ubao mama peke yake. Michezo ya mpira na Counter-Strike itaendeshwa kwa kupunguza ubora wa picha. Windows ndiyo yenye mtego: msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Mwenye uwezo wa kuongeza kidogo achukue ya kizazi cha 8, iliyoanza mwaka 2017, na ataitumia miaka mingi zaidi.

Laptopu ya michezo nayo ni kompyuta iliyoundwa tayari, na kwa nyumba nyingi za Lubumbashi ndiyo inayofaa kuliko zote. Betri yake ni onduleri iliyomo ndani: umeme ukikatika, mchezo huendelea kwa kasi pungufu, mwenyewe akapata muda wa kuhifadhi na kuzima. Husafiri kwa kilo chache, hubebwa hadi chuo kikuu cha UNILU kwa masomo na kurudi, na mwizi akipita hufungiwa kabatini. Betri hizo, kwa kawaida, zina kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, sehemu kubwa ikitoka majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Shaba ya mirija inayopoza prosesa nayo ni madini ambayo mji huu ulijengwa juu yake mwaka 1910. Madini huondoka kwa malori kupitia Kasumbalesa, na kifaa hurudi kwa mpaka uleule kikitozwa kodi kwa dola. Jambo hilo linauma, na ni haki liume.

Laptopu ina hila yake ya majina. Nvidia huruhusu RTX 4060 ya laptopu kupewa wati kuanzia 35 hadi 115, kama kiwanda kipendavyo. Laptopu mbili zenye jina lilelile la kadi, moja nyembamba na moja nene, zinaweza kuachana mbali sana katika mchezo mmoja. Wati hizo huandikwa katika karatasi ya sifa za mashine kwenye tovuti ya kiwanda, na asiyezitafuta hulipia jina. RTX 3060 ya laptopu nayo ina kumbukumbu ya GB 6, nusu ya GB 12 za ile ya mezani. Upande wa ufundi, RAM na SSD hubadilishwa katika laptopu nyingi za michezo; kadi ya grafiki imechomelewa kwenye ubao mama, ikifa huondoka na ubao wote. Kibodi pia hutazamwa. Laptopu ya Brussels ina mpangilio wa AZERTY, ya Dubai QWERTY yenye herufi za Kiarabu pembeni. Mwanafunzi atakayeandika kazi zake kwa Kifaransa ataijua tofauti hiyo kila siku. Katika kompyuta ya mezani kibodi hubadilishwa kwa dola chache.

PlayStation na Xbox zina haki yao. Xbox Series S hula wati 75 hivi katika mchezo, na bei yake ilipotoka mwaka 2020 ilikuwa dola 299, ambayo ndiyo bei ya kutoka ya RTX 4060 bila kompyuta. Kwa familia inayotaka mpira na mbio za magari sebuleni, ni vigumu kuishinda. Lakini haiandiki barua wala haifanyi hesabu za shule, na Sony haijaiweka Kongo katika orodha ya nchi za PlayStation Network, ambayo barani Afrika ina Afrika Kusini peke yake; wenye PlayStation hapa hufungua akaunti za nchi nyingine na kununua kadi za malipo za nchi hizo. Duka la Steam huuza Kongo kwa dola kwa yeyote mwenye kadi ya Visa au Mastercard. Kompyuta ya mkononi ya Steam Deck inakula umeme kidogo kuliko zote, ila kampuni yake, Valve, haiiuzi rasmi Afrika, na kila shida yake ni ya mwenyewe.

Kucheza kwa kukodi mashine iliyo mbali, picha ikiletwa na intaneti, hakufai mji huu kwa sasa. Johannesburg iko kilomita 1,600 kwa mstari wa moja kwa moja, na nyaya hazipiti moja kwa moja. Intaneti ndiyo pia inayopanga gharama ya michezo yenyewe: mchezo wa GB 100 kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua saa 22 bila kukatika. Starlink, intaneti ya setilaiti, ilipata kibali cha mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, mwezi Mei 2025, na hilo limefungua mlango kwa wenye uwezo. Wengine hupeana michezo ya Steam kwa diski ya nje, kila mmoja akiwa ameinunua kwa akaunti yake, wakapakua marekebisho tu. Mashine yenye SSD ya GB 512 hujaa kwa michezo minne ya namna hiyo. TB 1 ndiyo ya kuanzia.

Njia yoyote ikichaguliwa, mashine hujaribiwa dukani, jenereta ikiwaka ikibidi. Vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua ukurasa unaoonyesha jina kamili la prosesa, idadi ya vijiti vya RAM na jina la kadi. Kisha mchezo mzito uendeshwe nusu saa, kwa sababu kadi iliyochoka na pawa saplai dhaifu hujionyesha zikiwa moto, baada ya dakika 15 au 20, kwa skrini kuganda au mashine kujizima. Joto la kadi likibaki chini ya nyuzi 80, ni zuri. Namba ya mashine, na ya kadi ikiwa inaonekana, huandikwa kwenye faktura kabla ya fedha kutoka mkononi.

Nyumbani, adui wa kila siku ni vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, linaloingia hata katika nyumba iliyofungwa. Kompyuta ya mezani isiwekwe sakafuni. Laptopu isiwekwe kitandani wala juu ya kitambaa. Kila mwezi wa kiangazi kasha hufunguliwa, mashine ikiwa imechomolewa, na vumbi hutolewa kwa brashi laini na kipulizio, feni ikishikwa kwa kidole isizunguke, kwa kuwa feni inayozungushwa kwa upepo wa kipulizio huweza kuharibu bearingi zake au kurudisha umeme kwenye ubao. Dawa ya kupoza iliyo kati ya prosesa na chuma chake hukauka baada ya miaka miwili au mitatu. Joto likianza kupanda ingawa feni ni safi, fundi huifuta na kupaka nyingine, kazi ya nusu saa kwa kompyuta ya mezani na ya saa mbili kwa laptopu.